Kuku Aliyebaki Mwisho wa Reli

Tangu turudi sijapita kambini bila kusimamishwa. Jambo kubwa mmekwisha kulisikia mkutanoni, na nashukuru kwamba hilo hamniulizi tena. Mnachoniuliza ni kuku. Mama mkwe aliondoka hapa na kuku kwapani, karudi mikono mitupu, na yeye mwenyewe hasemi. Basi nimeandika yote katika daftari langu la kisomo. Likae kwa katibu wa genge, kila mtu asome au asomewe, nami nipate kwenda kisimani kwa amani.

Nawakumbusha tulivyokuwa, kwa ajili ya wale watakaolisoma baadaye. Shamba letu la mkonge hapa Rudewa lilikuwa na korona mbili za kusaga majani yatoke singa, nyuzi za kusokotea kamba. Dunia ilipoanza kufungia mizigo yake kamba za nailoni, korona moja ikazimwa. Mtu angedhani wakata mkonge ndio wa kwanza kuondoka. Sivyo. Wa kwanza alikuwa mama wa vitumbua. Akafuata fundi baiskeli, halafu fundi cherehani akabeba mashine yake kichwani. Sisi tulikuwa bado tunakata, tunacheka, na wao walikwisha kunusa.

Mwishowe genge letu la watu kumi na wanane tukaambiwa kazi yetu inakwisha mwezi ukiisha, na anayetaka apewe shamba katika kijiji cha ujamaa huko Zombo. Ndipo ikaja barua ya Lukasi, aliyekuwa mwenzetu kabla hajahamia kwenye miwa, kule kiwanda cha sukari kiliko, mbele ya Mikumi. Alisema mnyapara wake yuko tayari kupokea genge zima, ila kwanza aletewe mtu mmoja amjaribu. Akifaa, wote tunakwenda. Asipofaa, watu wa kuchukua nafasi zetu wako tele. Mkanichagua mimi kwa sababu ya mkono wangu wa panga. Mlinipigia makofi.

Rudewa hadi Kilosa

Nilidhani nitasafiri peke yangu. Asubuhi, lori la marobota likiwa linaunguruma, mama mkwe akatokea amejifunga kanga mbili, na kikapu mkononi, na kuku wa madoadoa kwapani amefungwa miguu kwa singa. Alikuwa ameshuka kutoka milimani siku mbili kabla. Akamwambia mke wangu Agnesi, aliyemshika mkono binti yetu Stela, kwa sauti ya kusikiwa na dereva, "Sitoi mtoto wangu apelekwe mahali ambapo sijaonja maji yake."

Mnajua desturi ya wakwe zangu. Mimi ni mtoto wa manamba, nimezaliwa kambini, baba yangu alitoka Songea na hakunifundisha mengi zaidi ya panga. Lakini kwa watu wa milimani, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, na maneno yao ni salamu tu. Miaka saba ya ndoa uso wa mama yule nilikuwa nimeuona kwa pembeni, kama mtu anavyoliona jua. Sasa nilikuwa naye safari nzima.

"Shikamoo Mama," nikaliambia gurudumu la lori.

"Marahaba," naye akauambia mlango.

Akakaa mbele na dereva. Mimi nikapanda juu ya marobota, nikafurahi kwa vumbi, maana vumbi halina desturi. Tulipofika Ilonga dereva akasimama apoze injini, na hapo ndipo nilipomsikia Mama kwa mara ya kwanza akizungumza na kuku.

"Wewe kuku, kuna watu wamekaa juu ya mizigo bila kushika kamba. Wakianguka, watoto wao watalelewa na nani?"

Nikashika kamba. Ilinichukua mwendo mrefu, pengine mpaka tunauona mto Mkondoa, kuelewa kwamba kuku yule hakuwa zawadi ya mtu. Alikuwa njia yake ya kunisemesha.

Stesheni ya Kilosa

Treni ya Mikumi ilikuwa iondoke saa nne. Saa nne ikapita, na saa nane, na karani wa stesheni kila akiulizwa alijibu, "Iko njiani," bila kusema njia ipi. Tulilala pale pale barazani, Mama upande wa wanawake, mimi upande wa pili nimegeukia ukuta.

Jambo lililonitia hofu ni watu. Nilidhani sisi wa mkonge ndio peke yetu tunaotafuta. Kumbe barazani pale walikuwapo vijana wa kutoka Dodoma, watu wa Singida, na wazee waliokata mkonge Kimamba kabla sijazaliwa. Salamu yao ilikuwa moja tu baada ya habari za asubuhi: "Kazi iko wapi?" Na wote, bila kupishana, walionyesha kidole kule kule reli inakoelekea. Nikajiuliza mnyapara gani atanihitaji mimi wakati reli nzima inammwagia watu mlangoni kwake.

"Wewe kuku," akasema Mama, "wengine mashavu yamewaingia kwa mawazo, na safari haijaanza."

Ndani ya behewa

Mchana wa siku ya pili treni ikaja. Ilikuwa ya mizigo, nyuma imefungwa mabehewa mawili ya abiria, na viti vyake vinatazamana. Nafasi mbili tu zilibaki, na zilikuwa zinatazamana. Nikakaa nimepinda shingo kama mtu mwenye jipu. Kando yangu alikuwa bwana mmoja wa pwani, fundi wa kunoa misumeno, jina lake Shomari. Aliipenda sana dini na alipenda zaidi kusuluhisha watu.

Alitutazama kituo cha kwanza, akatutazama cha pili. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, mama yako amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, Mzee."

"Basi mbona humtazami? Tangu Kilosa mama wa watu anazungumza na kuku! Pepo utaiona kwa njia gani?" Behewa zima likageuka. Akamwelekea Mama. "Na wewe mama, msamehe mwanao. Kijana ni kijana."

Mama hakuinua uso. "Wewe kuku, mwambie bwana huyu asante. Lakini mimi sijapata kuzaa mtoto mwenye masikio makubwa namna ile."

Watu walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka. Bibi mmoja wa Ulaya, kile kijiji cha kabla ya Mikumi, aliyeijua desturi, akamweleza Bwana Shomari kwamba yule si mama yangu, ni mama wa mke wangu. Maskini Shomari aliomba radhi vituo viwili. Ili kutupoza akafungua kitambaa chake, akatugawia mayai ya kuchemsha.

"Usitazame," Mama akamwambia kuku, akala.

Mimi sikula. Nilikuwa na njaa ya tangu jana, na Agnesi alikuwa amenifungia viazi vitamu mfukoni, lakini kula mbele ya mama mkwe nisingeweza hata kwa kufungwa pingu. Nikalishika lile yai mpaka likapata joto la kiganja changu. Nililihurumia, nikajihurumia na mimi.

Mikumi

Mikumi kichwa cha treni kikafunguliwa, kikaenda kuivuta treni nyingine iliyokwama mbele. Tukaachwa na mabehewa yetu juani siku nzima. Sikulalamika. Nilizunguka nyuma ya rundo la mataruma, mbao za kulalia reli, nikachuchumaa, nikala viazi vyote na lile yai, bila chumvi, kwa haraka ya mtu anayeiba.

Pale kwenye mataruma nikakutana na watu watatu waliokuwa wanarudi kutoka kwenye miwa. Mmoja wao, mwembamba, mkono umefungwa kitambaa, akaniuliza natoka wapi.

"Rudewa. Mkonge."

"Ah, mkonge!" Akawatazama wenzake. "Watu wa mkonge wanarudishwa wengi. Sijui mnakata namna gani. Mnyapara anatazama mstari mmoja tu, anasema nenda nyumbani."

"Kosa ni nini?"

"Hakuambii. Watu wako wengi, ya nini ajichoshe kukufundisha?"

Nilikuwa nimeingia shambani tangu nina urefu wa panga lenyewe. Tangu siku ya kwanza nilifundishwa kwamba mkonge haukatwi mpaka shinani, kwamba majani ya juu huachwa yasimame, kwamba mmea uliojeruhiwa ni siku yako iliyofutwa. Kwa haya nilisifiwa, na kwa haya mlinichagua. Sikuona nifanye nini kingine zaidi ya kukata vizuri kama nilivyozoea.

Niliporudi behewani Mama alikuwa amekwisha kukaa. Hakunitazama, bila shaka, lakini alijua.

"Wewe kuku, nimemwona mtu mzima anakula nyuma ya mbao kama fisi. Sasa mimi na wewe tutageukia dirishani tuwatazame nyati. Tutawatazama kwa muda mrefu. Kama mtu ana njaa, shauri yake."

Kikapuni, upande wangu, ugali uliofungwa kwa majani ya mgomba ulikuwa umesukumwa mbele. Nyati hawakuwapo hata mmoja. Nilikula wote, polepole, maana tangu mama yangu afe hakuna mtu aliyekuwa amenigeuzia uso ili nishibe.

Moto

Tulikaribia mwisho wa reli alasiri ya siku iliyofuata. Treni ikiwa inajikokota nikaona moshi, kisha ndimi za moto juu kuliko nyumba, shamba zima linateketea.

Nyinyi mnanielewa. Sisi kipande cha reli kikigongwa kwa haraka, hata anayezika anaacha jembe, maana singa zikishika moto hakuna kazi wala kambi. Sikufikiri. Niliruka kabla treni haijasimama, nikavunja tawi, nikakimbia nikipiga kelele, "Moto! Jamani, moto!" Nikaanza kuupiga. Nyusi zikaungua, shati likatoboka. Nilipotazama kando nikaona watu kama ishirini wamesimama kwenye mtaro, mikono kifuani, wananitazama kama wanavyomtazama mcheza ngoma. Pembeni alisimama mtu mfupi mwenye kofia ya majani.

"Ndugu," akaniambia kwa upole, "pumzika. Tumeuwasha wenyewe."

Kumbe miwa huchomwa kwanza, majani makavu yaishe na nyoka wakimbie, ndipo ikatwe. Na yule mwenye kofia alikuwa Bwana Kanuti, mnyapara mwenyewe niliyekuja kujaribiwa naye. Lukasi akafika anahema, akanitambulisha, akaziba uso kwa viganja. Nilitamani treni inirudishe wakati ule ule.

Nyuma yangu nikasikia, "Wewe kuku, heri huyu. Wengine moto wakiuona hukimbilia upande wa pili." Niliishikilia sifa hiyo mpaka nikalala.

Mistari mitatu

Asubuhi Bwana Kanuti akanionyesha mistari mitatu ya miwa iliyoungua. Akanipa panga la kwao, pana, zito kichwani.

"Kivuli cha ule mti kikifika mtaroni nitarudi. Lukasi, wewe njoo huku. Hakuna kumsaidia."

Nikabaki peke yangu, na Mama amekaa kwenye tuta na kuku wake. Nikakata! Nawaambia mngejivuna. Niliukata kila muwa mahali pamoja, juu ya goti kidogo, nikaacha shina limesimama lipate kupona. Nikapunguza ncha. Nikahesabu thelathini, nikafunga mzigo kwa jani, fundo letu lile lile, nikaipanga mizigo kichwa kwa kichwa kama tunavyopanga kando ya reli ya toroli. Masizi yalinijaa puani. Mstari wa kwanza na wa pili ukaisha, nikaona nimewapita wakataji wa upande wa pili. Nilianza hata kuimba.

Ndipo kuku akasemeshwa, tena kwa ukali.

"Wewe kuku! Onja hapa." Nilisikia kitu kinapasuka. Mama alikuwa ameingia katika mstari wangu wa kwanza, amevunja shina moja kati ya yale niliyoyaacha, analitafuna. "Unaona? Utamu wote uko chini. Huku juu alikokata mtu huyu ni maji matupu. Amewaachia panya sukari, mwenyewe anafunga vijiti! Ngedere wa kwetu wanajua kula muwa kuliko yeye."

Nilisimama na panga hewani. Nikatazama nyuma, mistari miwili ya visiki vya urefu wa goti, vimenyooka, vizuri, vyote ni hasara. Wale watu wa mkonge niliosimuliwa Mikumi walikuwa wamerudishwa kwa jambo hili hili. Mkonge unauacha uishi, muwa unaufuata mpaka udongoni, na hakuna aliyewaambia. Mikono yao ilikuwa imefundishwa vizuri mno.

Kivuli kilikuwa karibu na mtaro. Nikarudi mwanzo wa mstari wa kwanza, nikapiga magoti, nikaanza kukata kila kisiki usawa wa ardhi. Mgongo uliwaka. Mafundo yangu mazuri nikayakata, miwa nikaitandaza kama nilivyoona kwa wengine. Kumi na saba nyinyi mlikuwa mgongoni mwangu, na wake zenu, na watoto, na sioni haya kusema nililia kidogo, masizi yakanisaidia kuficha.

Bwana Kanuti aliponikuta nilikuwa magotini, mstari wa pili haujaisha kurekebishwa na wa tatu haujaguswa. Akatembea mstari wa kwanza wote. Akainama, akapapasa shina moja.

"Umechelewa sana," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Lakini hapa ni safi. Nani alikuambia?"

Nisingeweza kumtaja mama mkwe, wala kumwelekeza kidole. "Kuku," nikasema.

Alinitazama mimi, akamtazama kuku, akamtazama Mama aliyekuwa anachunguza mawingu. Nadhani hata kwao desturi hiyo ipo, maana alicheka polepole, akavua kofia.

"Watu wa mkonge huwa nawarudisha kwa sababu wakishakata hawarudi nyuma. Wewe umerudi. Walete wenzako. Ila uwafundishe wewe, mimi sina kuku."

Nikakaa juu ya miwa. Lukasi alinibeba mgongoni kama mtoto.

Maji ya mahali pale

Mnadhani yaliisha hapo. Hayakuisha, maana mimi nilikuwa nimekubaliwa na mnyapara tu. Kesho yake, mchana kutwa, Mama alizunguka na mke wa Lukasi. Alionja maji ya bomba na ya mto. Aliingia zahanati akatoka. Sokoni nikamwona fundi baiskeli wetu, yule yule, ana kibanda na watu wanasubiri, na hatua chache mbele mama wa vitumbua, amenenepa. Nilifurahi kuwaona na nikawaonea wivu. Kiwanda kimoja kinanguruma, na kandokando watu wasiogusa muwa hata mmoja wanashiba kwa mngurumo huo.

Lakini Mama aliwauliza wanawake swali ambalo mimi sikulifikiria: masika mnakula nini? Wakamwambia kweli. Mvua zikianza kiwanda hulala, mafundi hubaki, wakataji huambiwa tutaonana kiangazi. Wenye shamba mahali huenda kulima. Wasio nalo huhangaika.

Jioni, Lukasi na mimi tumekaa upande mmoja wa nyumba na wao upande wa pili, masharti yakaja kupitia ukuta.

"Wewe kuku, kiangazi binti yangu atakaa hapa, maji si mabaya. Masika atakuwa Zombo kwenye shamba lake, ardhi ambayo watu wanapewa na wanaikunjia pua. Anayetaka kuchagua moja achague, lakini si kwa binti yangu."

Sasa mmejua. Lile neno nililolisema mkutanoni mkashangilia, kwamba tuchukue yote mawili, miwa kiangazi na Zombo masika, halikutoka kichwani mwangu.

Kurudi

Tulipoagana, Mama alimfungua kuku zile singa miguuni, akamweka uani kwa mke wa Lukasi. "Huyu ni mtetea," akamwambia. "Mwache atage, aatamie. Nitakuja kuhesabu vifaranga." Mwanamke wa milimani haachi mtetea mahali asipokusudia kurudi. Nilipoona hivyo ndipo nilipovuta pumzi ya kweli, ile iliyokuwa imekwama tangu barua ya Lukasi.

Treni ya kurudi haikuchelewa hata kidogo. Mama alikaa mbele yangu, kikapu kitupu magotini, nami nimepinda shingo. Hakuwa na wa kumsemesha. Mikumi ikapita kimya, Ulaya ikapita. Mara mbili alifungua mdomo, akatazama kwapani, akafunga. Sikujua kwamba ningemkumbuka kuku kiasi kile.

Kilosa, ngazi ya behewa iko juu na chini ni kokoto. Watu wakashuka wote. Nilisimama chini nikizitazama kokoto, nikimsubiri apate mwanamke wa kumsaidia. Hakukuwa na mtu. Nikasikia akikohoa.

"Baba Stela," akasema. "Nishike mkono, kuku hayupo."

Nikainua uso, nikampa mkono, akashuka. Ana macho ya Agnesi.